Vichupa Thelathini vya Mkono wa Nne

Sijawahi kuishi karibu na bahari, wala sikuitafuta. Ilinifuata Machakos ndani ya vichupa vidogo kuliko kidole changu cha mwisho, ikakaa kwenye friza ya maabara yetu, juu ya duka la mabati na misumari. Katika kila kichupa mlikuwa na spiriti na kipande cha pezi la mwatiko, samaki wa maji ya chumvi ambaye watu wa pwani humfuga kwenye vidimbwi. Mwatiko hazai kidimbwini. Wafugaji huenda na nyavu ndogo kwenye mikono ya bahari, pale maji yanapoingia katikati ya mikoko, wakawachota vifaranga na kwenda kuwalea.

Mama yangu husema kazi yangu ni kusoma damu ya samaki, ingawa damu siioni hata tone. Nasaga kipande cha pezi, nakitia dawa, na mwishowe mashine inanipa safu ya namba. Safu hiyo ni ya samaki mmoja peke yake. Hata samaki wa mama mmoja na baba mmoja hawalingani safu. Tulikuwa tunalinganisha mwatiko wa mikono minne ya bahari, tujue kama ni ukoo mmoja au koo tofauti, kwa sababu ukiwachanganya ovyo unaweza kuharibu mbegu. Kikundi cha akina mama kilikuwa kinasubiri jibu. Tukisema vifaranga wa mkono wa nne ni wa ukoo ule ule waliouzoea, wangehamia huko na kuchimba vidimbwi vipya kwa majembe yao wenyewe.

Aliyeenda kukusanya vipande hivyo alikuwa baba yangu. Mimi ndiye niliyempigia debe kwa bosi. Baba alistaafu baada ya miaka mingi ya kupima na kuhesabu samaki waliovuliwa kwenye bwawa la Masinga, na kanisani kwetu Ekalakala ndiye anayeshika ufunguo wa sanduku la sadaka. Nilimwambia bosi, mtu huyu hata senti ya mtoto hawezi kuigusa. Nikampa baba vichupa mia moja na ishirini, thelathini kwa kila mkono, na pakiti ya vichupa thelathini vya akiba, kila kichupa na karatasi yake ya kuandikia.

Alirudisha vyote mia moja na ishirini vimejaa. Mwandiko wake ulikuwa ule wa siku zote, umesimama wima, na chini ya kila karatasi aliandika jina lake kamili. Kila karatasi isipokuwa zile za mkono wa nne. Hapo palikuwa na mahali, tarehe na namba, lakini nafasi ya jina ilikuwa tupu mara thelathini. Nilikereka. Nikajisemea, mzee ameanza kusahau.

Kisha mashine ikanipa safu za mkono wa nne, na zote thelathini zilikuwa moja.

Nilijilaumu kwanza. Nilidhani tone la kichupa kimoja limeingia katika vingine, nikarudia kazi yote kwa glavu mpya. Safu ikarudi ile ile. Nilirudia mara ya tatu, nikiwa na hasira hata nikamfokea msichana wa usafi kwa kosa la kunisalimia. Ile ile. Halafu nikaona jambo lililonitoa jasho: safu hiyo nilikuwa ninaijua. Ilikuwa ya samaki namba kumi na tisa wa mkono wa tatu. Samaki mmoja, amevuliwa mara moja huko na mara thelathini kwingine, mwendo wa siku nzima kutoka pale.

Alasiri hiyo stima ilipotea. Friza ikanyamaza, na ukimya wa chumba kile ulikuwa mzito kiasi kwamba nilisikia watu wa chini wakihesabu misumari. Sijui nilitaka kuona nini. Nilimwaga vipande vilivyobaki vya mkono wa nne kwenye trei nyeupe, nikavipanga kwa koleo ndogo. Vilikuwa vinene. Kimoja kilikuwa na magamba. Kimoja kilikuwa na pembe ya mkia, na cha pili kikaingia kando yake kama karatasi iliyochanwa inavyorudiana. Nikaendelea. Kila ukingo ulipata mwenzake. Sikukusudia, lakini kabla stima haijarudi kulikuwa na samaki amelala kwenye trei yangu, mweupe, urefu wa kiganja, akiwa na matobo mahali nilipokata vya kupima, na hana kichwa. Niliogopa kumgusa. Nilikaa nikimtazama, mtu mzima mimi, mchana kweupe.

Bosi alitaka ripoti Jumatatu. Jumamosi nikaenda nyumbani.

Baba alikuwa sebuleni anasoma. Huniita mwaitu, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu Wakamba. Tangu utotoni amekuwa akinishtakia mambo yake kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Siku hiyo sikuketi. Nilimwambia nilichokiona kwenye trei. Alikunja gazeti polepole. Baba akiwa na jambo zito huacha Kikamba na kusema Kiswahili, kama alivyozoea kazini.

“Huko hakukuwa na kitu, mwaitu.”

“Hakukuwa na samaki?”

“Hakukuwa na kitu. Nilienda siku tatu. Hiyo maji ilikuwa safi mpaka ikanitisha. Mimi nimeona maji mbaya Masinga, imeoza, inanuka, lakini iko na wadudu, iko na ndege. Hii ilikuwa imenyamaza. Shimo za kaa ziko, kaa hakuna. Nikitoa wavu inatoka safi, hata jani haina, ni kama mtu ameifua. Huyo jamaa alikuwa ananionyesha njia alikataa kuingia. Nikamuuliza ni nini, akaniambia, mzee, wewe chota tu twende.”

“Sasa kwa nini hukuandika hivyo, baba? Uliandika samaki thelathini!”

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa suruali.

“Ulinipatia vichupa. Ningekurudishia wewe chombo tupu?”

Hapo nikaketi. Nyumbani kwetu hilo si jambo la mzaha. Jirani akileta maziwa kwenye kibuyu, kibuyu hakirudi bila kitu. Hata mwaka wa njaa mama alitia majani ya kunde kwenye sufuria ya watu, akaona aibu kwa uchache wake, lakini akatia. Nililelewa hivyo na mtu huyu huyu, na niliposhika ile trei hilo halikunijia akilini hata kidogo. Baba alikuwa amemweka samaki mmoja wa mkono wa tatu kwenye spiriti, aje kumwonyesha mama mwatiko alivyo. Akamkata huyo.

“Na wangesema huyu mzee alilala tu huko, akakula nauli ya watu,” akaongeza, sauti imeshuka.

Nilikuwa nimekuja kugombana. Ulimi wangu ni mkali, kila mtu Ekalakala anajua. Lakini nilimwonea huruma, na bado wale akina mama nilikuwa nawaona na majembe yao, wakichimba kando ya maji yale.

“Baba, vichupa vitupu ndivyo vingekuwa jibu. Nikisema ukweli, hawatakuita tena. Na bosi atajua ni wewe.”

Aliinuka, akafungua droo anamoweka kitabu cha nyimbo, akatoa ile pakiti ya akiba. Hakuwa amepoteza hata kichupa kimoja. Akavaa miwani. Nilikaa pale nikimwangalia akiandika karatasi thelathini, mahali, tarehe, namba, na penye samaki akaandika “hakuna”. Alifunga kila kichupa kwa nguvu, kana kwamba kilikuwa na kitu cha kumwagika, akavipanga kwenye sanduku. Mama akaingia, akachungulia sandukuni, akashtuka.

“Baba yake, unampatia mtoto chombo tupu?”

“Leo ndiyo,” akasema baba.

Mama akaniwekea mbaazi kwenye mkoba, nyingi, bila kuuliza zaidi.

Jumatatu nilimweleza bosi yote. Kikundi kikaambiwa kisihamie huko, na kazi nyingine ya kukusanya akapewa mtu mwingine. Kwa nini maji yale yalinyamaza, hadi leo hakuna aliyetuambia. Masanduku mawili ya mkono wa nne yako kwenye friza, moja juu ya jingine. Stima ikipotea huwa nafungua lile la juu, navitazama vile vichupa visivyo na kitu. Jina la baba yangu liko kwenye kila kimoja, limeandikwa kamili, mara thelathini.