Kiti Kimoja, Abiria Wawili

Mwaka ule ofisi yetu ya mabasi hapa Dese ilipata aibu. Mashine mpya za tiketi zilianza kuuza kiti kimoja kwa watu wawili. Mzee mmoja wa Kombolcha alinirudishia tiketi yake dirishani, akaniuliza, "Sasa dada, nimpakate huyu padri, au yeye anipakate mimi?"

Wakubwa wa Addis wakaamua kwamba makarani ndio wezi. Mwenzetu Mulunesh akasimamishwa kazi. Kisha wakamtuma Selamawit, aliyeandika programu yenyewe. Alikuwa binti wa hapa hapa, kazaliwa nyuma ya stendi, kasoma shule ya serikali kule mlimani. Nikadhani atatuonea huruma. Wapi.

"Sikuja kumtetea mtu," alisema. "Nataka kuliona kosa kwa macho yangu."

Asubuhi nzima alikaa kwenye mashine ya Mulunesh akikata tiketi za majaribio. Kila kiti kilitoka mara moja tu. Meneja wake, Ato Girma, akapiga simu. "Si nilikwambia? Mashine nzima, watu wabovu. Rudi."

"Bado sijaliona, bosi."

Kesho yake ikawa vile vile. Mchana Mama Zenebu, mpika kahawa wa ofisini kwetu, akawasha mkaa, akakaanga kahawa, nasi tukafunga madirisha kama kawaida yetu. Selamawit akabaki amekodolea macho kioo.

"Mwanangu, mashine haitoroki," Mama Zenebu akamwambia. "Njoo unywe, usinitie aibu mbele za watu."

Akaja, akanywa hadi kikombe cha tatu, kama inavyopasa. Tulipomaliza, foleni ilikuwa imefika barabarani. Tukakimbilia madirishani sote, tukabonyeza kwa pamoja. Mashine yangu ikatoa kiti cha saba cha basi la Addis. Ya Fikirte, jirani yangu, nayo ikatoa kiti cha saba cha basi hilo hilo.

Selamawit akazishika tiketi zote mbili, akazilinganisha. Halafu akasema, "Dada Aster, Fikirte, nikisema sasa, bonyezeni." Tukabonyeza. Zote mbili zikatoa kiti kimoja tena.

Akatueleza. Mashine huuliza kwanza kama kiti kiko wazi, ndipo hukiuza. Mbili zikiuliza kwa wakati mmoja, zote huambiwa kiko wazi. Kule Addis alikuwa akijaribu peke yake, asingeliona hata angekesha.

Akampigia Ato Girma, sote tukisikiliza. "Bosi, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeandika hivyo. Mrudishe Mulunesh kazini leo."

"Unajua unachokisema?"

"Najua."

Kabla jua halijazama alikuwa amerekebisha: dirisha moja likishaulizia kiti, mengine yanasubiri. Tangu hapo hatujagombana na abiria kwa sababu hiyo. Mulunesh alikuja mbio tukiwa bado tunafunga ofisi, na tulipomsindikiza Selamawit kwao alitangulia mbele yetu, akimsimamisha kila tuliyekutana naye njiani. "Mnamwona huyu?" alikuwa akiwaambia. "Huyu wa kwetu."