Ombi la Chifu Kithuku

Sitaki uniamini kwa kunionea huruma. Kama huamini, acha hapa uende zako. Lakini niliyoyaona niliyaona kwa macho haya mawili, saa nane mchana, jua la Kathonzweni likiwa utosini, na sikuwa nimekunywa chochote zaidi ya chai ya rangi. Eti wafu hutembea usiku tu? Nani aliwaambia?

Niliyemwona alikuwa jirani yangu. Jina lake la nyumbani lilikuwa Mutisya, ila hakuna aliyemwita hivyo. Kwa watu wote alikuwa Chifu Kithuku, yaani chifu mbaya, kwa sababu ndiye aliyemwigiza mhusika wa jina hilo redioni na baadaye kwenye televisheni, tangu mimi nikiwa msichana. Kofia kubwa iliyomfunika masikio, kaptura pana iliyofungwa kwa kamba ya katani, na kabla hajasema neno lazima akohoe mara tatu na kuvuta kaptura juu. Hapo tayari watu walikuwa chini kwa kicheko. Kijijini kwetu televisheni ilikuwa moja, ya mwalimu mkuu, ikitumia betri ya gari, na tulijazana pale mpaka madirishani. Wazee wasiojua kucheka walicheka.

Alizaliwa upande wa Ikutha, mtoto wa mchunga ng'ombe. Aliwahi kuniambia kwamba ile ya kuvuta kaptura hakuitunga. Shuleni alivaa suruali ya baba yake, ikamteleza kila mara, watoto wakamcheka, naye akaona heri acheke nao. Mwalimu akamtia kwenye mchezo wa kuigiza, mchezo ukamfikisha Nairobi, na huko akachekwa na nchi nzima kwa zaidi ya miaka ishirini. Halafu kipindi kikakatizwa. Vijana wakaja na vichekesho vyao vya kwenye simu. Mkewe akafariki, watoto walikuwa wameshatawanyika, naye akaja kukaa kwenye shamba dogo alilonunua zamani, kando ya langu.

Ungedhani mtu kama huyo hakosi wageni. Watu walimsalimia barabarani, wakapiga naye picha, wakaenda zao. Shida ni kwamba hakuna neno alilosema ambalo mtu alilichukulia kuwa la kweli. Akisema jua ni kali, watu wanacheka. Akisema mgongo unamuuma, wanashika mbavu. Siku moja fundi wa baiskeli alimwambia, "Chifu, wewe hata ukilia ni komedi!" Akatabasamu. Nilikuwepo, na mimi nikacheka.

Sasa ile Jumapili. Kanisani kwetu, baada ya nyimbo, mwenye haja husimama akaieleza, na kanisa linamwombea. Chifu hakuwahi kusimama hata mara moja. Siku hiyo akasimama. Akakohoa mara tatu. Akavuta suruali.

"Ndugu zangu," akasema, "nyumba yangu imekuwa kimya sana..."

Kanisa likalipuka. Pasta mwenyewe alitoa leso akajifuta macho. Chifu alijaribu kuendelea, tuliona midomo ikisogea, lakini nani angesikia? Mimi nilikuwa benchi la tatu na nilicheka mpaka nikamwegemea mwenzangu. Alipomaliza alikaa, akatabasamu kama kawaida yake. "Asante sana Chifu, umetuchangamsha," pasta akasema, na tukaingia kwenye sadaka.

Mwezi haukuisha akafa. Alikaa ndani ya nyumba siku tatu kabla ya mtu kujua. Siku tatu, na mlango wangu na wake unaonana! Jamaa aliyekuwa akimletea maji kwa punda ndiye aliyeona mitungi ya juzi bado iko mlangoni, imejaa. Tulimzika vizuri, watu walikuwa wengi, na msimamizi wa shughuli akamwigiza akikohoa. Tulicheka hata pale kaburini.

Wiki mbili baadaye nilikuwa mtoni. Mto wetu wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Unachimba shimo, unangoja maji yajikusanye, kisha unachota kwa kikombe. Nilikuwa peke yangu. Nikasikia mtu akikohoa. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ya tatu nikainua kichwa.

Alikuwa amesimama ng'ambo ya shimo, karibu kabisa, amevaa suti ya kahawia tuliyomzika nayo. Akavuta suruali.

"Mwaitu," akaniita, mama yangu, kwa heshima ile ile ya siku zote. "Leo usicheke. Ndugu zangu, nyumba yangu imekuwa kimya sana..."

Nikacheka. Haki ya Mungu, nikacheka! Si kwamba nilifurahi, niliogopa. Lakini kicheko kilitoka chenyewe, mwili ulikuwa umeshazoea kumcheka mtu huyu tangu utoto. Akaningoja. Laiti angekasirika. Akakohoa tena mara tatu, akaanza tena mwanzo. Nikacheka tena, huku machozi yananitoka. Akaanza tena. Sijui ilikuwa mara ngapi, ila shimo lilijaa maji na mimi sijachota hata kikombe. Mwishowe nikavua kitambaa cha kichwa, nikakisokomeza mdomoni, nikauma.

Ndipo akaweza kumaliza. "Nyumba yangu imekuwa kimya sana. Hii moyo yangu inanipiga vibaya, naogopa kulala. Sitaki chakula ya mtu. Naomba tu mtu awe ananipigia hodi kila asubuhi, nisikae huko ndani siku mingi na hakuna mtu anajua."

Nikatoa kitambaa. "Nau," nikamwambia, baba yangu, "nimesikia."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Akageuka, akaufuata mto taratibu, mkono mmoja umeshika suruali isimteleze. Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye kona. Nikakaa pale mchangani nikalia kwa sauti.

Utaniambia ni jua, au ni majuto yangu. Mimi pia nilitaka iwe hivyo. Jioni ile ile nikaenda kwa Susu Kalunde, bibi kizee asiyesikia kabisa. Kanisani hukaa mbele pembeni, ametuelekea, kwa maana yeye husoma midomo. Nikamwuliza polepole ili anione vizuri: Chifu aliomba nini siku ile?

"Si aliomba kupigiwa hodi asubuhi?" akanijibu kwa ile sauti yake kubwa. "Asi! Kwani nyinyi wenye masikio hamkusikia? Mimi niliona mmefurahi hivyo, nikajua mmekubali."



Tangu siku hiyo kicheko changu kimekufa. Watu wakicheka mahali, mimi hutazama nani ananyamaza. Kila asubuhi napiga hodi kwenye milango minne ya wazee wanaokaa peke yao, na mmoja wao hunitukana kwa kumwamsha. Mwache anitukane, nafurahi kumsikia. Mimi pia naishi peke yangu, kama sikukwambia. Mwezi uliopita nilisimama kanisani, nikaeleza haya yote, nikamalizia kwa kuomba kwamba nami nipigiwe hodi. Walinisikiliza vizuri sana, hakuna hata aliyekohoa. Bado namngoja wa kwanza.

Kwa hiyo yule mtu wenu wa kuchekesha akisimama kusema, ziba mdomo mpaka akae, usingoje akufuate mtoni. Na kabla hujamsimulia mwenzako kisa hiki, kuna nyumba moja unayoijua imekaa kimya tangu juzi. Nenda kwanza ukapige hodi.