Kadii na Moto wa Mzazi

Kadii wa kijiji cha Adu hakuwa mtu wa kuipenda mbingu. Alikuwa mtu wa kuiogopa. Kabla ya kuanika mahindi aliitazama, na kabla ya kwenda kisimani aliitazama tena. Kwa hiyo bwana wa hali ya hewa alipokuja kutoka Malindi kutafuta watu wa kujitolea kuangalia dhoruba, alimkuta mtu ambaye kazi hiyo amekwisha kuianza peke yake.

Alipewa kopo la kupimia mvua na filimbi. Akiona chamchela kubwa, ule upepo wa kuzunguka, au wingu lililoteremsha mkia, apige filimbi ili kila nyumba izime moto, kwani nyumba ya makuti ikikutana na upepo na kaa moja, haisimami. Kisha akimbie ofisi ya bwana shamba, kwenye redio, aseme upepo umeonekana wapi na unakwenda wapi, ili walio mbele wajihadhari.

Mara ya kwanza alipopiga, mwaka wa themanini na tano, watu walimwaga maji mekoni na sima zikaharibika. Chamchela ikapinda, ikapotelea porini bila kuangusha hata mti mmoja wa muhogo. Jirani yake Dena alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Filimbi!" alimwita tangu siku ile. "Leo umeona nini? Vumbi la mbuzi wangu?"

 Tangu hapo kila Kadii alipoishika filimbi mkono ulisita kidogo, na kusita kule kulimtia hofu kuliko upepo wenyewe.

Masika ya mwaka uliofuata, binti yake Nyevu alijifungua mtoto wa kiume. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya bonde, kwa Kahonzi, na mumewe alikuwa kazini Malindi. Mtoto alizaliwa mdogo, ngozi imemlegea kama nguo ya kuazima. Kahonzi, mama mkwe, aliwasha moto kando ya kitanda kama ilivyo ada. Moto wa mzazi hauzimwi mpaka arobaini iishe. Ukizimika, watu husema, joto la mtoto huondoka nao.

Alasiri moja Kadii alikuwa akipalilia. Akainua macho. Upande wa machweo wingu lilikuwa jeusi kama sufuria iliyoungua, na chini yake limening'iniza kitu chembamba kinachojinyonganyonga. Safari hii mkono haukusita. Alipiga filimbi mpaka pumzi ikamwishia, akakimbia ofisini.

Joram, karani wa redio, alikuwa amekwisha kuishika. "Linaelekea wapi, mama?"

"Linaelekea kwa binti yangu."

"Mama, redioni siwezi kusema hivyo."

"Basi sema mashariki! Sema upesi, baba!"

Akatoka mbio. Njiani aliona wanawake wakimwaga maji mekoni, moshi mweupe ukipanda huku na huku. Kwa Dena moto uliwaka vilevile, chungu cha maharage juu yake.

"Dena, zima!"

"Nizime, nile mbichi? Pita, Mama Filimbi, pita!"

Hakuwa na wakati wa kubembeleza. Aliposhuka bondeni upepo ulikuwa ukimvuta leso, na alipofika kwa Kahonzi alikuwa hawezi hata kubisha hodi.

"Mkwe, zima moto."

Kahonzi alisimama mlangoni, mikono kwenye viunzi. "Moto gani?"

"Huo wa mzazi."

"Umerogwa? Wataka kuniulia mjukuu?"

"Ni mjukuu wangu pia! Tazama nyuma yangu, mkwe. Tazama!"

Kahonzi alitazama, mikono ikamlegea. Kadii akapita chini ya kwapa lake, akaingia chumba cha Nyevu na mumewe, ambacho kwa mila mama wa binti hakanyagi, akainua mtungi na kuumimina wote. Moto ukalia, majivu yakaruka. Nyevu akapiga ukelele. Walimvuta na mtoto wake chini ya kitanda, wakawakinga kwa miili yao, mwanamke huku na mwanamke huku.

Upepo ulipofika haukuvuma, ulinguruma. Paa liliinuka mara moja kama kawa juu ya sahani, likaenda. Kisha ikaja mvua, mvua ya kutupwa, ndani ya nyumba isiyokuwa na paa.

Ulipopita walikuwa hai. Kuta zilisimama. Lakini mtoto alikuwa ameloa, na kilio chake kilikuwa kinapungua. Midomo ilikuwa imeingia rangi ya zambarau.

"Moto," alisema Nyevu. "Mama, moto."

Kibiriti kilikuwa kimelowa, njiti zinamomonyoka vidoleni. Kadii alikimbia nyumba ya jirani: wamezima. Ya pili: wamezima, na paa hakuna. Kila alipofika alikuta watu waliomtii. "Tulizima mara tu ulipopiga filimbi," mama mmoja alimwambia kwa shukrani, na Kadii akageuka kukimbia tena. Alikuwa amezima moto wa upande mzima wa Adu.

Ndipo alipoona moshi ng'ambo ya bonde, kwa Dena.

Nyumba ilikuwa imeanguka, imeungua mpaka kwenye nguzo; mvua iliuzima moto wa juu tu. Dena aliketi chini, nyusi zimeungua, amemkumbatia mbuzi mmoja shingoni. Alipomwona Kadii aliinamisha uso.

"Umekuja kunicheka."

"Nimekuja kuomba moto. Mtoto wa Nyevu anapoa."

 Dena akamwachia mbuzi, akaingia katika kifusi cha nyumba yake mwenyewe, akafukua chini ya nguzo kwa mikono mitupu, akiguna kwa kuungua. Alitoa makaa kwenye kigae cha kile chungu cha maharage, akayafunika kwa kigae kingine.

"Kimbia," alisema. "Usisimame kunishukuru."

Kadii alirudi ameyainamia makaa, mvua ikimpiga mgongoni. Walichomoa vijiti vikavu chini ya kitanda, wakakinga moto kwa bati lililookotwa. Kahonzi alikuwa amemweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya leso.  Kadii alipuliza mpaka macho yakamwaga machozi, na kila akipumzika alinyanyua uso kuchungulia mawingu yaliyobaki.

"Acha mbingu, mkwe," Kahonzi alisema. "Puliza."

Akapuliza. Mtoto alikohoa, akanyamaza, akakohoa tena. Nyevu alimpa titi. Alilishika, akaliachia. Watatu walikaa wakimtazama mdomo, waone kama atalishika tena.