Jiwe la Usukumani Lililoletwa Boko

Atakayecheka na acheke. Hili limetokea Boko, mchana kweupe, na mie nilikuwepo na akili zangu timamu. Sikusimuliwa na mtu.

Nina kiwanja cha kuchonga mawe, mie na shemeji yangu Masanja, Msukuma aliyemwoa dada yangu Zuhura. Boko mawe tunayo, ila ni ya matumbawe, laini, ya baharini. Graniti hatuna. Sasa siku hiyo mteja akatushushia jiwe la graniti kutoka Usukumani, kubwa kuliko gari dogo, anataka tulipasue tumtolee ngazi za nyumba yake.

Wenzetu wa bara wana njia yao. Jiwe unaliwashia moto mpaka liive, halafu unalimwagia maji ya baridi, linapasuka lenyewe. Tukachoma magogo asubuhi nzima, tukamwaga maji. Kimya. Masanja akakasirika, akachukua nyundo na tindo, akajipenyeza kwenye uvungu wa jiwe kutafuta ufa. Zuhura, tumbo limeshamfika puani, alikuwa kamkataza mara ngapi kuingia chini ya mawe? Atasikia wapi.

Ndipo akaingia bibi mmoja mwembamba, kavaa kaniki, miguu peku. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye benchi letu. Wallahi, miguu ya benchi ikadidimia ardhini mpaka ubao ukagusa mchanga. Mwili ule ule mkavu! Nikadhani jua limenipiga.

"Mjukuu wangu, nani kalichoma?"

Mie Mzaramo, na Wasukuma ni watani zetu, nikamtania. "Ni mjukuu wako huyo Msukuma, bibi. Sie tunachomaga mahindi tu."

Hakucheka. Akaniambia jiwe lile lilikuwa uji wa moto chini kabisa ya nchi, likapoa taratibu mno, ndiyo maana lina chenga kubwa zinazometa. Mvua zikala udongo uliolifunika, enzi na enzi, mpaka likatokeza likawa kilima. Wakati wa vita kina mama walijificha na watoto kwenye nyufa zake. Na kila aliyepita kuokota kuni aliliamkia.

"Limetoka motoni, nyie mnalirudisha," akasema. "Tena hakuna aliyeliambia limeletwa wapi. Mwite huyo aliye chini aje aliambie."

Sikuwa nimemwambia kuna mtu chini, na nyundo ilikuwa imeshanyamaza kitambo.

Nikaita, "Shem, toka, una mgeni." Akatoka ananung'unika, masizi mwili mzima. Alipomwona yule bibi akavua kofia, akapiga magoti, akamwamkia kwa Kisukuma. Kisha akaweka kiganja kwenye jiwe, akaliambia limefika Boko, Dar es Salaam, na akaliomba radhi. Hajamaliza, likalia paa! Ganda zima la chini likaporomoka, pale pale alipokuwa amelala. Tindo yake tuliikuta imepinda. Tunageuka, bibi hayupo. Benchi limebaki limezama.

Nilimuuliza Masanja yule alikuwa nani. Akasema hamjui, magoti yalijipiga yenyewe.

Mteja aliposikia yaliyotokea alilikataa jiwe, liko uani kwetu mpaka leo. Na kuna siku, Boko jua la kuchoma visogo, jiwe linalowa lote, maji yanachuruzika. Masanja akipiga simu kwao anaambiwa mvua inanyesha huko. Unaweza kunieleza hilo?

Kwa hiyo wewe wa Kimara uliyejengea graniti jikoni, usikae na jiwe hilo kimya kimya. Liamkie, liambie limefika kwa nani. Niite mwehu ukipenda. Zuhura alijifungua wiki ile ile, na aliyempokea mtoto mlangoni alikuwa baba yake, Masanja, mzima wa afya.