Swali la Kila Shaabani

Baba yangu alisoma shule ya Wajerumani hapa Lindi. Walipoondoka alibakiwa na maneno machache ambayo Waingereza hawakuwa na haja nayo. Alilolipenda zaidi ni *alljährlich*. Maana yake, alituambia, ni jambo linalorudi kila mwaka bila kuruka, utake usitake. Kodi ni alljährlich. Ugomvi wa shangazi yenu si alljährlich, maana ule huja wakati wowote unapojisikia. Tulicheka, naye alipenda tukicheka.

Lilikuwapo jambo moja lisilochekesha. Kaka yangu mkubwa alichukuliwa upagazi wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, akapelekwa bara na mizigo, asirudi. Sisi, kama jirani zetu wote wa Mtanda, tulisoma hitima kila Shaabani kuwarehemu wafu wetu kabla ya Ramadhani. Asubuhi ya siku hiyo baba aliingia jikoni, akachuchumaa karibu na mama aliyekuwa akipepeta mchele, akamwuliza taratibu, "Mwaka huu tumtaje?"

Mama hakuinua uso. "Bado."

Basi baba alirudi barazani, akamtajia mwalimu aliyetusomea hitima majina ya babu na bibi zetu, la kaka akaliacha. Mwalimu aliwahi kumnong'oneza kwamba kama kijana amekufa, anadhulumiwa dua zake. Baba akamjibu kuwa mama mtu ndiye aliyemzaa, na ndiye atakayemzika. Miaka ikapita hivyo. Niliolewa, nikazaa, na kila Shaabani nilipokwenda kusaidia kupika nililisikia swali lile, nikawaonea uchungu wote wawili.

Kisha baba akafariki. Shaabani iliyofuata mama alikuwa ametoka eda karibuni, na mimi ndiye niliyetakiwa kumpelekea mwalimu majina. Mama alipepeta mchele hata usibaki na pumba hata moja, na bado akaendelea kupepeta, macho yakiwa mlangoni. Nilijua anangoja nini. Sikuthubutu kumwuliza, halikuwa swali langu. Watu walikwisha kukaa mkekani, ubani unafuka. Mwalimu alipokohoa kutuharakisha, mama aliweka ungo chini.

"Mwaka huu hakuna wa kuniuliza," alisema. "Watajeni wote wawili."