Kwenda Kiritiri Kuchagua Vitara

Niliondoka Kibirichia kwa sababu kitara changu kilivunjika, na kilivunjika kwa sababu nilikuwa nikipigana na nguzo. Nianze hapo, msije mkadhani nilikwenda kutembea tu. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya Kaaga, na kwa miaka mingi nimecheza mchezo wa vitara, ule wa watu wawili waliovaa vinyago vya waya wakitafutana kwa ncha butu. Kwetu watu hulima viazi, huimba kwaya, hutazama mpira. Mchezo wangu huwachekesha. Katika Meru nzima tulikuwa wawili, au basi sikumjua wa tatu: mimi na Wawira, mwalimu mwenzangu. Jumamosi tulikuwa tukikutana katika ukumbi wa kanisa, tunachomana mpaka jasho litutoke, kisha tunakunywa chai. Halafu Wawira akahamishiwa Kiritiri, karibu na kwao, akaolewa hukohuko. Mimi nikabaki na nguzo ya ghala la viazi nyuma ya nyumba yangu.

Nguzo ina uvumilivu wake. Haichelewi, haichoki, haiombi kupumzika. Asubuhi moja ya ukungu niliichoma kwa hasira za wiki nzima, bapa la kitara likakatika na kipande kikarukia magunia. Nikacheka peke yangu ghalani, na kicheko chenyewe kikanitia huruma.

Nikampigia Wawira simu. Yeye ndiye aliyebaki na sanduku letu la vifaa, tuliloachiwa na kocha mmoja aliyerudi kwao.

"Njoo uchague," akasema. "Ukitaka, chukua vyote."

Neno hilo "vyote" lilinishtua. Anayetarajia kucheza tena hatoi vyote. Basi niliwaambia majirani nakwenda kuchagua vitara, lakini safari yenyewe ilikuwa ya kumrudisha Wawira. Nilikuwa na mpango: tukutane Embu, mji ulio kati yetu, hata mara moja kwa mwezi. Sikuwa nikiomba makubwa.

Alfajiri, Kibirichia. Jirani yangu Kirimi alikuwa akipeleka viazi soko la Embu, akanipa nafasi mbele kwenye lori. Mfuko wangu mrefu, mtupu isipokuwa kile kitara kilichokatika, niliuweka kati ya magoti.

"Mwalimu, hiyo ni gita?"

"Ni kitara."

"Cha kupigana na nani?"

"Na wewe, ukiendelea kuuliza."

Kirimi alicheka mpaka akapunguza mwendo. Ni mtu mwema. Lakini swali lake lilikaa nami njia nzima.

Baada ya Nkubu barabara huanza kupinda na kushuka, majani ya chai upande mmoja, migomba upande wa pili. Kufika Chogoria nilikuwa nimepanga hoja zote. Wawira akisema hana muda, nitamwambia mara moja kwa mwezi. Akisema mume hataki, nitaongea na mume. Akisema bega linamuuma, ninaye daktari Meru. Chuka nilivua sweta. Tulipovuka daraja la Thuci na kuingia Embu, nilikuwa na jibu la kila kitu, nikajiona mwanasheria kabisa.

Embu mchana, Kirimi aliniacha sokoni na kifuko cha viazi vya kumpelekea Wawira. Nilikula githeri haraka, kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanitia haya: nilikwenda kuulizia ukumbi. Mwanamke mmoja mwenye funguo kiunoni alinifungulia mlango wa ukumbi mdogo wenye sakafu ya mbao.

"Mtakuwa wangapi?"

"Wawili."

"Wawili tu? Ni harusi ya siri?"

"Ni mchezo, mama."

Alinitazama, akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nikipima sakafu kwa macho, nimeshamwona Wawira upande ule wa dirisha.

Kiritiri nilifika jua likiwa kali bado. Huko ardhi ni nyekundu na kavu, mbuzi hupita katikati ya watu kama wenye soko, na magunia ya makaa yamesimama kando ya barabara. Wawira alikuja kunipokea kwa miguu. Alikuwa amenenepa, amependeza, na alikuwa akiwasalimu watu kila hatua. "Huyu ni Nkirote wangu wa Meru," aliwaambia. Nilifurahi, na palepale nikaona wivu. Mimi Kibirichia huweza kutoka nyumbani hadi barabarani nisisimamishwe na mtu.

Nyumbani, mama mkwe wake alikuwa ameketi kivulini akipepeta ndengu. Alikuwa akizichota kwa kitu kinachong'aa. Nikatazama mara ya pili. Lo! Kilikuwa kikinga mkono cha kitara, lile bakuli dogo linalokaa mbele ya ngumi, na tundu lake ameliziba kwa kipande cha gunzi.

"Mama, hiyo ni yetu," Wawira akamwambia huku akicheka.

"Hii? Hii ni yangu ya ndengu," mama akasema. "Haina kutu, haina uzito. Nyinyi mlikuwa mmeitupa tu kwa sanduku."

Baada ya chai tulimwaga sanduku juu ya turubai. Kwetu Kibirichia ukungu hula chuma usiku mmoja. Huku ukame ulikuwa umevitunza vifaa kuliko mafuta yangu yote. Tukaanza kuchagua kama zamani. Unalishika bapa usawa wa jicho, unalitazama kwa urefu wake: likiwa na mpindo mmoja mwororo ni sawa, likiwa na kona ni la kutupa. Unapitisha kidole ukitafuta mikwaruzo mirefu, maana mpasuko huanzia hapo. Kisha unakandamiza ncha sakafuni uone linavyopinda na kama linarudi. Mabakuli unayagonga kwa kucha. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Tulikuwa nayo ya chuma cha pua, magumu lakini yanachosha kifundo cha mkono, na ya alumini, mepesi ila hubonyea.

Nililigonga moja, nikalirudisha, nikachukua jingine, nikarudisha.

"Mchagua jembe si mkulima," Wawira akanitania. "Hebu niambie kwanza, unacheza na nani siku hizi?"

"Na nguzo."

"Nguzo gani?"

"Ya ghala."

Alidhani natania. Alipoona sitanii, aliweka chini bapa alilokuwa ameshika.

"Basi bakuli la nini, Nkirote? Nguzo hairudishi. Chukua bapa gumu na mpini, inatosha."

Hakusema kwa ubaya. Lakini katika mchezo wetu mwili wote ni shabaha, hata kidole, na bakuli lipo kwa sababu mbele yako kuna mtu anayekutafuta. Nilikuwa nimebeba la zamani mwaka mzima, na halikuwa limeguswa na chochote. Nikahisi machozi. Nikasema, "Tujaribu haya kwanza," ili nipate kuvaa kinyago.

Uani tulifukuza kuku, tukasimama. Nilimchoma bega. Nikamchoma mkono. Nikamchoma tena tumboni, mahali ambapo Wawira niliyemjua asingeniruhusu hata nimkaribie. Nilipoinua kinyago yeye alikuwa anatabasamu.

"Unaniachia," nikasema.

"Sikuachii."

"Wawira, unaniachia! Piga!"

"Haki ya Mungu sikuachii. Sina tu ile hamu." Akavua kinyago. "Nimetafuta jinsi ya kukuambia. Si mume, si kazi, si bega. Imeisha tu. Niko sawa hapa."

Hoja zangu zote za njiani, hakuna hata moja iliyolijibu hilo. Ningeweza kushindana na mume, na ratiba, hata na ugonjwa. Mtu aliye sawa utamwambia nini? Nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Nilimwambia nimemkumbuka sana, kwamba Jumamosi huwa sijui nifanye nini na mwili wangu, na kwamba ukumbi wa Embu nimeshauona. Alinishika mkono, akalia. Mimi pia nililia. Mama mkwe alituangalia, akaendelea na ndengu zake kwa adabu.

Jioni, kabla ya chakula, nilirudi kwenye turubai. Nilijichagulia bapa zuri na bakuli la alumini. Kisha nikamwambia Wawira, "Nisaidie na la pili."

"La nani?"

"Sijui."

Alinielewa. Akachutama karibu nami. "Mkono mkubwa au mdogo?"

"Sijui, Wawira."

"Mwenye nguvu?"

"Hata sijui kama yupo."

"Basi tumpe jepesi," akasema. "Anayeanza akichoka mkono siku ya kwanza harudi."

Alimchagulia mtu huyo kwa umakini ambao uani hakuwa nao. Alilipinda bapa moja na kuliacha, akalipinda jingine, akaligeuza kwenye mwanga. Bakuli lililokuwa jepesi kuliko yote lilikuwa lile la ndengu. Alikwenda kuongea na mama kwa Kimbeere. Yalikuwa maongezi marefu. Mwishowe mama alilifuta kwa leso, akang'oa gunzi, akanipa.

"Huyo mtu akuje hapa siku moja nimwone," akasema. "Amenichukulia kikombe yangu."

Asubuhi nilitia mfukoni vitara, makoti mawili na vinyago viwili, Wawira akanisindikiza sokoni. Hatukuahidiana kitu. Alinipa kifuko cha ndengu, nikampa viazi nilivyokuwa nimesahau kumpa siku iliyotangulia. Kutoka Embu kwenda juu baridi ilirudi kidogo kidogo, na Chogoria nikavaa sweta. Nilikuwa mpweke zaidi ya nilivyoondoka, sitaficha. Lakini nilikuwa nimejifunza kwamba mwaka mzima sikuwa nikikosa mchezo. Nilikuwa nikimngoja mtu mmoja, na kwa sababu yake sikumwalika mwingine yeyote.

Kaaga, Jumamosi iliyofuata, nilifagia ukumbi. Nilikuwa nimetangaza katika chumba cha walimu na kanisani: mtu yeyote, umri wowote. Nilikaa na vitara viwili mpaka mwenye ukumbi akaja kufunga. Nikaenda nyumbani, na nguzo sikuigusa.

Jumamosi nyingine mlangoni alisimama Gatwiri, mwalimu wa hisabati, mama wa makamo ambaye miaka yote niliamini ananiona kichaa. Alikuwa amevaa raba na sketi ya kazini.

"Ni wewe ulisema mtu anaweza kujaribu?" akauliza. "Nimepita hapa nje mara tatu, naogopa utanicheka."

Nilimvisha koti na kinyago, nikamkabidhi kile kitara chepesi, nikamwonyesha jinsi ya kusimama. Akasimama vibaya. Nikamwambia anitafute mkono. Akainua bega, akapiga hatua kama anayeruka mtaro, akanijia na mwili wake wote. Ncha yake ikatua kwenye bakuli langu, paa! Mshtuko ukapanda mpaka kwenye kiwiko.

"Woi, Nkirote! Nimelibonyeza! Nimekuharibia!"

Niliutazama ule mbonyeo kwenye alumini.

"Rudia," nikamwambia.