Mjomba kwenye Ndoana ya Korosho

Mjomba wangu alikuwa anapimwa uzito kama korosho. Msimu ule wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, na mmoja alikuja Kibiti na gari jeupe na mizani ya kuning'iniza, akaifunga kwenye boriti tatu zilizosimamishwa karibu na soko. Kila jioni, gunia la mwisho la mkulima likishashushwa, mjomba alivua shati, akaishika ndoana kwa mikono miwili, akakunja miguu na kuning'inia. Watu hawakuondoka mpaka wamuone. Kocha wake, mwanajeshi mstaafu ambaye siku hizo alikuwa fundi cherehani, alisogeza pua kwenye mshale kana kwamba anaunusa.

"Sabini na saba. Leo hakuna ubwabwa."

"Kocha, hata ukoko?"

"Hata harufu yake."

Mjomba alikuwa bondia wa kulipwa, uzito wa supa mido. Mwisho wa uzito huo ni kilo sabini na sita na nukta mbili, na ukizidi hapo wewe si supa mido tena, wewe ni mtu mnene aliyevaa glovu. Mabega yake yalitengenezwa Nyamisati, alikopakia boriti za mikoko kwa miaka, matope yakimfika mapajani. Pambano lake la kwanza lilikuwa kwenye kiwanja cha shule yetu, ulingo wa boriti na kamba za nailoni, na alimwangusha askari magereza aliyekuja kutuonesha jinsi ngumi zinavyopigwa. Ngumi za kulipwa zilipochangamka akaanza kwenda Dar es Salaam. Alishinda mara nyingi kuliko alivyoshindwa, ila bahati yake ilikuwa mbaya: alishinda mbele ya watu wachache na kushindwa mbele ya umati.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na tatu na ameitwa kugombea mkanda wa ubingwa. Kupima uzito ni Jumamosi saa kumi jioni, Dar, pambano Jumapili. Promota alishasema wazi kwamba akizidi hata kidogo, mkanda hauguswi na yeye haitwi tena. Kwa umri ule, kutoitwa tena maana yake ni kurudi kwenye matope.

Na mimi, kidato cha pili, mtoto wa dada yake, nilifanya nini kumsaidia? Wiki mbili kabla nilishona vipande vya risasi, vile vizito vya nyavu za kuvulia, ndani ya mkanda wa bukta yake. Jioni ile mshale uliruka, kocha akamnyima chakula siku nzima, na mjomba akalala akimtazama bibi anavyokula kambale. Vilipogunduliwa nilichapwa na watu watatu kwa zamu. Kocha akanikataza kusogelea mizani.

Kwa hiyo Ijumaa adhuhuri, watu wote wakiwa msikitini na mimi nikiwa nimejisahau kwa makusudi, nikaisogelea.

Asubuhi ile mwalimu wa fizikia alikuwa ametufundisha kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Nilikuwa simuamini, kwa sababu ni yeye huyo huyo aliyetuambia tuna akili. Nikachukua dumu la lita ishirini nililotumwa nalo kisimani, nikalijaza mpaka mdomoni. Dumu tupu nilishawahi kulipima kwenye mizani ya duka, kilo moja. Jumla ishirini na moja. Nikalitundika, na mshale ukasimama kwenye ishirini.

Nikalishusha. Nikatikisa ndoana, nikatundika tena. Ishirini.

Nilicheka kwanza, nikidhani nimemkamata mwalimu. Kisha nikaacha kucheka. Mizani ilikuwa inakula kilo moja katika kila ishirini na moja. Nikachuchumaa na kupiga hesabu mchangani kwa kijiti. Jana jioni mjomba alisoma sabini na sita kamili, kocha akamkumbatia. Hesabu ikaniambia alikuwa karibu kilo themanini. Alibakiwa na saa ishirini na saba.

Watu walipotoka msikitini nilimkimbilia kocha.

"Mizani inadanganya. Mjomba amezidi kilo tatu na nusu na ushee."

Hakusimama hata. "Leo umeshona wapi?"

"Wallahi sijashona kitu. Nimepima maji."

"Juzi risasi, leo maji. Kesho utapima upepo. Nenda zako kabla sijavua mkanda."

Wakulima walikuwa wameanza kujipanga na magunia yao. Nilijua sura walizokuwa nazo wakinitazama; ningekuwa wao nami nisingejiamini. Lakini mjomba alisimama. Alinitazama, akajishika tumbo kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Wiki hii miguu yangu ni mizito," alimwambia kocha, taratibu. "Nilidhani ni uzee."

Msikiti ulikuwa unapanuliwa na mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa barazani. Mjomba alimuomba msimamizi mfuko mmoja ambao haujafunguliwa, akaubeba begani na kuutundika kwa kamba. Kilo hamsini imeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, hata asiyejua kusoma anajua.

Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukatulia arobaini na saba na nusu.

Nilisikia mfuko ukizunguka kwenye kamba. Kisha mtu mmoja kwenye foleni akaligeukia gunia lake, na wa nyuma yake akageuka, wote wakiyatazama magunia yao kama watoto wao waliokuwa wakipigwa shuleni bila wazazi kujua. Msimu mzima. Kila gunia.

Mnunuzi alikuja akifuta uso kwa leso. Aliona mfuko, akaona mshale, akaona watu. Hakupandisha sauti.

"Bingwa, shusha hiyo saruji. Imevuja njiani, si unajua saruji za siku hizi." Akasogea karibu, nami nilikuwa karibu zaidi. "Gari inaondoka alfajiri na wewe ndani yake. Tutaongea huko."

Lile gari jeupe ndilo aliloahidiwa kupelekwa nalo Dar. Mjomba alikuwa na mkono juu ya kamba. Nilimuona kocha akifumba macho.

Mbele kabisa ya foleni alikuwa mama mmoja mzee wa kijiji cha Mahege, magunia mawili miguuni pake. "Mwanangu," alisema, "huo mfuko uache hapo hapo kwanza. Macho yangu hayaoni upesi."

Mjomba akaondoa mkono kwenye kamba.

Lililofuata halikuchukua muda. Mnunuzi alitia mizani ndani ya gari kabla mawe hayajapata wa kuyarusha, akaondoka kwa barabara ya Ikwiriri. Wakulima wakabaki na magunia yao. Sisi tukabaki bila gari na bila mizani. Zahanati ilikuwa na ile ya kupimia watoto wachanga, na nilipopendekeza tumpime mjomba mguu mmoja mmoja, kocha alinitazama kwa namna ambayo niliona ni heri ninyamaze.

Jua likiwa bado kali, mjomba alivaa koti la mvua, juu yake gunia lililotobolewa shingo, akaanza kukimbia kuelekea Bungu. Mimi na kocha tulimfuata kwa baiskeli moja. Kila alipopunguza mwendo kocha alihesabu kijeshi. Alikimbia, akarudi, akatambaa mpaka uani kwa bibi, akalala chali. Jasho lilichora umbo lake kwenye mkeka. Bibi aliweka sahani ya wali mbele yake, akaiangalia, akaiondoa mwenyewe bila kuambiwa.

"Imetosha?" mjomba aliuliza. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Kocha akatazama upande wa sokoni, kule mizani ilikokuwa. Hilo ndilo lililoniogopesha. Mtu anaweza kukimbia mpaka afe na asijue kama imetosha.

Alfajiri lilipita lori la boriti kutoka Nyamisati. Dereva alimjua mjomba tangu enzi za upakiaji, akasimama. Nikaomba boriti moja ndefu kabla hawajapanda. Nikaifunga katikati kwa kamba, tukaitundika kwenye tawi, ikalala sawa kama mkono wa mizani ya dukani. Upande mmoja nikafunga mfuko wa saruji, dumu la maji la kilo ishirini na moja, na kidumu cha lita tano. Jumla sabini na sita na nukta ya kidumu chenyewe.

"Mjomba, shika huku. Umbali ule ule kutoka katikati."

"Kama ni utani," kocha alisema, "nitakupakia lorini pamoja na boriti na kukushusha baharini."

Mjomba akaning'inia. Boriti ikainama upande wake, nyayo zikagusa mchanga. Nikaanza kumimina maji kwenye sufuria niliyoitundika upande wa saruji, kopo la lita baada ya kopo. Kopo la kwanza, bado. Nusu kopo. Boriti ikainuka, ikayumba, ikalala sawa.

"Amezidi kilo moja na nusu za maji," nilisema. "Pamoja na sufuria, tuseme mbili."

Kocha alitazama ile boriti, akanitazama mimi. "Panda lori," akasema. Nilikuwa na mtihani Jumatatu. Nikapanda.

Barabara ile inajulikana kwa mashimo yake. Tulikaa wanne mbele, vioo vimefungwa ili azidi kutoka jasho, injini inaunguruma chini ya miguu yetu kama jiko. Mjomba ndani ya koti lake alitema mate kwenye kopo la maziwa njia nzima ili apungue. Lori liliharibika mara mbili. Mara ya pili alishindwa kufungua mlango kwa mkono ule ule uliomwangusha askari magereza, nami nikakosa utani wowote.

Tuliingia ukumbini saa kumi na dakika chache. Mpinzani alishapimwa na alikuwa anakula ndizi mbele ya kila mtu. Mjomba akapanda mizani. Mpimaji akasogeza jiwe dogo, akatikisa kichwa. "Sabini na sita na nukta tatu."

Mjomba akavua bukta. Kocha na mimi tukashika kanga ya bibi kumzunguka. Mpimaji akasogeza jiwe, akapumua, akalirudisha kidogo.

"Sabini na sita na nukta mbili."

Jumapili alishindwa kwa pointi. Raundi za mwisho miguu ilikuwa haipo, kila mtu aliona, lakini alimaliza amesimama na promota akamwita tena mara mbili kabla hajaacha ngumi. Watu wakiniuliza, mimi huwaeleza ile Jumamosi. Mjomba amekaa sakafuni amejifunga kanga, kocha anampa chupa ya maji, na yeye haipokei. Ananinyooshea kidole.

"Mpe kwanza yule ayapime."